Seli T na ustahimilivu wa kinga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ishara za ndani ya seli

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa tiba na maabara, na watu waliopandikizwa figo, na ndugu wa wagonjwa wa kisukari aina ya kwanza, lupasi na baridi yabisi. Majibu ni marefu pale ambapo jambo lenyewe linadai urefu. Yote yanazunguka hoja moja, nayo ni kwamba mwili hupatana na tishu zake si kwa sababu seli T, yaani chembe nyeupe za damu zinazoongoza na kufanya mashambulizi ya kinga, zimenyamaza, bali kwa sababu zimepokea ishara na kuzisoma kwa namna fulani.

Ustahimilivu wa kinga ni nini? Je, ni jina jingine la kinga dhaifu?

Hapana. Mtu ambaye kinga yake imedhoofika, kwa mfano aliyepungukiwa na seli T za CD4, yaani zile zinazoziongoza nyingine, kwa sababu ya VVU, hushindwa kupambana na vimelea vya aina nyingi kwa wakati mmoja. Ustahimilivu wa kinga ni kitu kingine kabisa: mfumo wa kinga uko imara, una uwezo wake wote, lakini hauishambulii antijeni fulani mahususi, yaani kitu fulani ambacho seli za kinga zinaweza kukishika. Mtu mwenye afya huziacha salama seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na wiki hiyohiyo akipatwa na mafua, seli zake T humaliza kazi kama kawaida. Umahususi huo ndio unaoufanya ustahimilivu uwe mgumu kuigiza kwa dawa, kwa sababu dawa nyingi tulizonazo hudhoofisha kila kitu kwa pamoja.

Seli T hutambuaje kilicho cha mwili na kilicho kigeni?

Haitambui. Jibu hili huwashangaza wengi, na huenda vitabu vya shule vimechangia, kwa kuwa hueleza seli za kinga kama askari wa mpakani wanaokagua vitambulisho. Kipokezi cha kila seli T hutengenezwa kwa kukata na kuunganisha vipande vya jeni kwa bahati nasibu, kabla seli hiyo haijakutana na kitu chochote. Miongoni mwa vipokezi vinavyotokea hivyo, vimo vinavyoweza kushika kipande cha virusi vya surua, na vimo vinavyoweza kushika kipande cha insulini ya mwenye mwili.

Kipokezi hicho hakishiki protini nzima. Hushika peptidi, yaani kipande kifupi cha protini, ambacho kwa seli T za CD8, yaani zile zinazoua, mara nyingi huwa na asidi amino 8 hadi 10 tu, kikiwa kimebebwa juu ya uso wa seli nyingine na molekuli za HLA, ambazo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Peptidi ya adui na peptidi ya mwili hubebwa na molekuli zilezile, na hakuna alama yoyote inayosema hii ni ya nani. Kinachobaki kwa seli T kusoma ni mambo matatu: imeshikana na peptidi hiyo kwa nguvu kiasi gani, kwa muda gani, na ni ishara gani nyingine zilizofika pamoja na mshikano huo. Kila utakachosoma chini ya swali hili kinatokana na mambo hayo matatu.

Ishara yenyewe inasafirije kutoka juu ya utando wa seli hadi kwenye jeni?

Inafaa kuitazama kwa karibu, hatua kwa hatua, kwa maana kila hatua ni mahali ambapo ustahimilivu unaweza kujengwa au kubomoka.

Kipokezi cha seli T hakina uwezo wa kupeleka ishara peke yake. Kimeambatana na kundi la protini ziitwazo CD3, ambazo mikia yake iliyo ndani ya seli ina maeneo 10 yanayojulikana kama ITAM, na kila eneo lina tairosini 2. Kipokezi kikishika peptidi, kimeng'enya kiitwacho Lck hubandika fosfati kwenye tairosini hizo. Kimeng'enya cha pili, ZAP-70, hujishikiza kwenye fosfati hizo, huamshwa, kisha huzibandika fosfati protini nyingine mbili, LAT na SLP-76. LAT ni gati la kutia nanga: haina kazi nyingine kubwa zaidi ya kutoa mahali ambapo protini nyingi zinaweza kukutana na kushughulikiana.

Mmoja wa wanaotia nanga hapo ni kimeng'enya PLC-gama-1, ambacho hukikata kijenzi kimoja cha mafuta ya utando kikawa vipande viwili, IP3 na DAG. Hapo njia inagawanyika. IP3 hufungua ghala za kalsiamu ndani ya seli. Kalsiamu ikipanda, huamsha kimeng'enya kalsinurini, ambacho huondoa fosfati kwenye protini iitwayo NFAT na kuiruhusu iingie kwenye kiini. DAG kwa upande wake huwasha Ras na ERK, ambazo mwisho wake ni protini iitwayo AP-1, na huwasha pia njia inayoishia kwenye NF-kB. NFAT, AP-1 na NF-kB zikikutana ndani ya kiini, jeni za vita husomwa, ikiwemo ya intalukini-2, protini ya ujumbe inayozihimiza seli T zizaane, na seli huanza kugawanyika.

Msomaji ambaye atasahau majina mengine yote, nampa ombi moja: aikumbuke NFAT. Tutairudia mara mbili.

Kwa nini muda wa mshikano unatajwa sana?

Fikiria mtu aliyefika mlangoni, akapiga hodi mara moja na kuondoka kabla wenyeji hawajainuka kitini. Ndivyo peptidi nyingi za mwili zinavyofanya kwa kipokezi: hugusa na kuachia kwa sehemu ndogo ya sekunde. Peptidi ambayo kipokezi kinaishika barabara hudumu kwa sekunde kadhaa. Kwa kuwa mlolongo wa kubandika fosfati una hatua nyingi zinazofuatana, mshikano mfupi hukatika katikati ya njia na kazi yote iliyoanza hufutika, ilhali mshikano mrefu hufika mwisho. Nadharia hii ilipendekezwa na Timothy McKeithan mwaka 1995, na kadiri vipimo vilivyoboreka ndivyo ilivyozidi kupata nguvu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwenye LAT. Tairosini yake ya 132, ambayo ndiyo gati la PLC-gama-1, hubandikwa fosfati polepole sana kuliko jirani zake, kwa sababu asidi amino iliyo mbele yake ni glisini, ambayo ZAP-70 haiipendi. Mwaka 2019 watafiti walibadilisha glisini hiyo moja ikawa asidi amino yenye chaji hasi. Tairosini ikaanza kubandikwa haraka, na seli T zikaanza kuitikia peptidi dhaifu ambazo awali zilizipuuza, zikiwemo za mwili wenyewe. Kwa hiyo ucheleweshaji huo si kasoro. Asidi amino moja imewekwa pale ili seli ichelewe kuamini, na usalama wa tishu zetu kwa sehemu unategemea kuchelewa huko.

Tezi ya thimasi inahusikaje?

Thimasi ni tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, kubwa kwa mtoto na yenye kusinyaa kadiri mtu anavyokua. Hadi Jacques Miller alipoonyesha mwaka 1961 kwamba panya walioondolewa tezi hiyo mara tu baada ya kuzaliwa hukosa kinga, wengi waliidhani haina kazi. Seli T changa hutoka kwenye uboho na kuja hapo kupimwa.

Kipimo chenyewe ni cha ishara. Seli ambayo kipokezi chake hakishiki chochote haipati ishara, nayo hufa kwa kupuuzwa. Ile inayoshika peptidi za mwili kwa ulegevu hupata ishara ndogo na ya kudumu, ERK yake huwaka polepole, nayo huachwa iishi. Inayoshika kwa nguvu hupata ishara kali na ya ghafla, protini za kifo kama Bim na Nur77 hupanda, nayo hujiua. Zaidi ya asilimia 90 ya seli changa haziondoki humo zikiwa hai. Tazama kwamba kimeng'enya ni kilekile, peptidi zatoka mwili uleule, na mkondo wa ishara ni mmoja; kiwango peke yake ndicho kinachotenganisha uhai na kifo.

Thimasi hupataje peptidi za insulini au za ini, wakati haitengenezi insulini wala si ini? Baadhi ya seli zake zina protini iitwayo AIRE, inayozilazimisha kutengeneza kwa kiasi kidogo protini za viungo vingine vya mwili, ili seli T changa zikutane nazo mapema. Jeni ya AIRE ilitambuliwa mwaka 1997 kwa kuwachunguza watu wenye ugonjwa wa kurithi ambapo kinga hushambulia tezi kadhaa kwa pamoja. Watu hao walikosa AIRE iliyo nzima.

Kama ishara kali ndiyo hatari, basi ishara ikidhoofishwa mwili hautakuwa salama zaidi?

Swali hili ni zuri kuliko linavyoonekana, na jibu lake limewasumbua watafiti kwa muda mrefu. Ishara iliyodhoofika inaweza kuleta ugonjwa wa kujishambulia.

Mwaka 2003 kundi la Shimon Sakaguchi nchini Japani lilieleza juu ya panya waitwao SKG, wanaopata ugonjwa wa viungo unaofanana sana na baridi yabisi. Kasoro yao ilikutwa kwenye ZAP-70: asidi amino moja imebadilika, na kimeng'enya hakishiki vizuri kwenye mikia ya CD3. Mtu angetarajia panya wa namna hiyo wawe na kinga dhaifu tu. Lakini kumbuka kipimo cha thimasi. Seli ambayo kipokezi chake kinazishika kwa nguvu peptidi za mwili ilipaswa kupata ishara kali na kufa. Kwa kuwa ZAP-70 ni dhaifu, ilipata ishara ya wastani, ikahesabiwa kuwa salama, ikaachiwa kwenda mwilini. Kizingiti chote kilisogea. Kinachonivutia zaidi ni kwamba panya hao wakifugwa katika mazingira safi mno hawaugui. Huugua wanapokutana na kichocheo kama viambata vya kuta za kuvu, ambacho huziamsha seli zilizokuwa tayari zimeponyoka.

Mfano wa pili unatoka tena kwenye LAT. Mwaka 2002 makundi mawili ya watafiti yaliwabadilisha panya tairosini ileile ya kutia nanga PLC-gama-1. Panya hao walikuwa na seli T chache thimasini, ishara yao ya kalsiamu ikiwa hafifu, na hata hivyo baada ya wiki chache tezi zao za limfu zilivimba kwa seli T zilizozaana bila kikomo na kuharibu viungo. Ndiyo sababu usemi wa kwamba magonjwa haya ni ya "kinga iliyozidi nguvu" unapotosha.

Seli zinazoponyoka kwenye thimasi hudhibitiwaje?

Kwa njia kadhaa, na ya kwanza ni ile ya hodi bila kuitikiwa "karibu". Mshikano wa kipokezi na peptidi ni hodi tu. Karibu hutoka kwenye kipokezi kingine cha seli T, CD28, kinapokutana na molekuli CD80 na CD86 juu ya seli inayoonyesha peptidi. Molekuli hizo huongezeka pale seli hiyo inapokuwa imehisi hatari, kwa mfano viambata vya bakteria. Tishu tulivu isiyo na maambukizi huonyesha peptidi zake bila CD80 wala CD86 ya kutosha.

Seli T iliyopiga hodi bila kukaribishwa haiendelei na shughuli zake kama kwamba hakuna kilichotokea. Mwaka 1987 Marc Jenkins na Ronald Schwartz walitumia kemikali kuzigandisha seli zinazoonyesha antijeni, zikabaki na peptidi lakini zikapoteza uwezo wa kutoa ishara ya pili, kisha wakaziweka pamoja na seli T. Seli T hazikugawanyika. Walipozipa baadaye seli nzima zenye ishara zote mbili, bado hazikugawanyika. Zilikuwa zimeduwaa, na mduwao huo ulidumu.

Hapa ndipo NFAT inaporudi. Hodi peke yake hupandisha kalsiamu, na NFAT huingia kwenye kiini. Lakini AP-1 inayotegemea njia ya pili haifiki ya kutosha. NFAT ikiwa pweke husoma jeni nyingine kabisa: zinazotengeneza Cbl-b na GRAIL, ambazo huzitia alama protini za ishara ili zivunjwe, na DGK, ambayo huila DAG na kuizima njia ya Ras. Mwaka 2002 kundi la Anjana Rao lilionyesha jambo hili kwa usahili wa kupendeza: kuzimwagia seli T kemikali inayopandisha kalsiamu tu kulitosha kuziduwaza. Seli iliyoduwaa, kwa hiyo, imefanya kazi ya kujizima, imesoma jeni na kutengeneza protini kwa ajili hiyo.

CTLA-4 na PD-1 ni nini, na zinatofautianaje?

Zote mbili ni breki, ila hazifungwi mahali pamoja.

CTLA-4 hushindana na CD28. Hushika CD80 na CD86 kwa nguvu zaidi kuliko CD28 inavyoweza, na tena hufanya zaidi ya kuzishika: huzing'oa kutoka kwenye seli jirani, huzivuta ndani ya seli T na kuzivunja. Neno karibu huondolewa mdomoni mwa mwenyeji kabla halijatamkwa. Panya waliozaliwa bila CTLA-4, walioelezwa mwaka 1995, hufa wakiwa na umri wa wiki 3 hadi 4, viungo vyao vikiwa vimejaa seli T. Kwa binadamu, tangu mwaka 2014 tunafahamu kwamba kupoteza nakala moja tu kati ya mbili za jeni hiyo kunaweza kuleta ugonjwa wa utumbo, mapafu na damu.

PD-1 hufanya kazi baadaye, kwenye tishu zenyewe. Seli T iliyokwisha kuamka huionyesha juu yake, na tishu nyingi zinazopatwa na mwasho, yaani uvimbe unaoletwa na kinga, huonyesha mwenzake, PD-L1. Zikikutana, mkia wa PD-1 huita kimeng'enya SHP-2, ambacho kazi yake ni kubandua fosfati. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba hubandua fosfati za kipokezi chenyewe. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba shabaha yake kuu ni CD28. Panya wasio na PD-1 huugua polepole, wengine baada ya miezi mingi.

James Allison na Tasuku Honjo walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2018 kwa kugundua kwamba kuziachia breki hizi kunaweza kutibu saratani.

Seli T dhibiti ni zipi, na kwa nini zilipewa Nobel mwaka 2025?

Ni seli T ambazo kazi yake ni kuzizuia seli T nyingine. Kwa kawaida ni kama asilimia 5 hadi 10 ya seli T za CD4.

Wazo la seli zinazozuia lilikuwa limekosa heshima miaka ya 1980, na Sakaguchi aliendelea nalo wakati wengi walikuwa wameliacha. Mwaka 1995 alionyesha kwamba seli za CD4 zenye CD25 juu yake huwalinda panya dhidi ya kujishambulia, na zikiondolewa ugonjwa huja. Upande mwingine wa bahari, katika jimbo la Washington nchini Marekani, Mary Brunkow na Fred Ramsdell walikuwa wakifuatilia panya waitwao scurfy, kizazi kilichojitokeza katika maabara ya Oak Ridge miaka ya 1940, ambacho madume yake huzaliwa na ngozi yenye magamba na kufa mapema. Walichambua kromosomu X jeni kwa jeni hadi wakaifikia iliyoharibika, wakaiita Foxp3, na mwaka 2001 wakaonyesha kwamba jeni hiyohiyo kwa binadamu ndiyo chanzo cha ugonjwa wa IPEX, unaowapata watoto wa kiume kwa kuharisha kusikokoma, ukurutu na kisukari tangu uchanga. Miaka miwili baadaye mambo hayo mawili yaliunganishwa: FOXP3 ndiyo inayozifanya seli za Sakaguchi ziwe zilivyo. Kwa kazi hiyo watatu hao walipewa Nobel.

Kwa upande wa ishara, seli hizi ni za ajabu. Nyingi huzaliwa thimasini kutokana na ishara kali kiasi, iliyo juu ya ile ya kuachwa hai na chini kidogo ya ile ya kifo. Nyingine hutokea baadaye mwilini, hasa utumbo, seli T ya kawaida inapopata ishara ya kipokezi pamoja na TGF-beta, mojawapo ya sitokini, yaani protini za kupelekeana ujumbe kati ya seli, huku njia ya mTOR, inayohimiza ukuaji wa seli, ikiwa imetulia. CD25 yao ni sehemu ya kipokezi cha intalukini-2, na kwa kuwa wanayo kwa wingi, huinyonya intalukini hiyo na kuwakosesha majirani. Huonyesha pia CTLA-4 wakati wote.

NFAT inarudi mara ya pili hapa. Ndani ya seli dhibiti, NFAT hushirikiana na FOXP3 mahali pale ambapo ingeshirikiana na AP-1, na jeni ya intalukini-2, ambayo ingewashwa, huzimwa. Ikiwa na AP-1, NFAT huleta vita. Ikiwa pweke, huleta mduwao. Ikiwa na FOXP3, huleta ulinzi. Sijui maelezo mafupi kuliko haya ya namna ishara moja inavyoweza kuwa na maana tatu.

Je, kuduwaa na kuchoka kwa seli T ni jambo moja?

Yanafanana kwa nje tu. Mduwao hutokea mwanzoni, seli inapopata hodi bila karibu. Uchovu hutokea mwishoni, kwa seli iliyoamka vizuri na kupigana, kisha ikaendelea kupokea ishara kwa wiki na miezi kama inavyotokea katika maambukizi sugu na saratani. Protini iitwayo TOX huibadilisha mpangilio wa jeni zake. Kuzuia PD-1 huzisaidia baadhi ya seli zilizochoka.

Dawa za baada ya kupandikizwa figo huleta ustahimilivu?

Haziuleti, huuzuia mwili kukataa figo kwa muda ule zinapokuwa kwenye damu. Takrolimasi na saiklosporini, ambazo wengi wa waliopandikizwa hutumia, zote huzuia kalsinurini, na hivyo NFAT haiingii kwenye kiini. Saiklosporini ilitokana na kuvu aliyepatikana kwenye udongo wa Norwe, na takrolimasi ilitokana na bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani, mwaka 1984.

Msomaji aliyefuatilia atakuwa ameshaona ugumu. NFAT huhitajika kwa vita, lakini pia huhitajika kwa mduwao na kwa seli dhibiti. Dawa inayoifunga mlango wa kiini hufunga njia ya amani pamoja na njia ya vita. Sirolimasi, iliyotokana na udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, huzuia mTOR badala ya kalsinurini na huzidhuru seli dhibiti kwa kiasi kidogo kuliko dawa hizo mbili, ingawa ina madhara yake, ikiwemo kuchelewesha vidonda kupona.

Hapa Afrika Mashariki jambo hili si la vitabuni tena. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini Tanzania Novemba 2017. Mgonjwa wa takrolimasi hufika kliniki asubuhi akiwa hajameza dozi ya siku hiyo, kidonge kikiwa mfukoni, ili damu ichotwe kiasi cha saa 12 baada ya dozi ya jana jioni, maana hapo ndipo kiwango kiko chini kabisa. Akimeza kwanza, kipimo kinadanganya. Kiwango kikiwa juu mno mikono hutetemeka na figo yenyewe huumia; kikiwa chini mno NFAT huanza kupenya. Rifampisini ya kutibu kifua kikuu hukiteremsha kwa kasi, na baadhi ya dawa za fangasi, kama flukonazoli, hukipandisha. Kwa hiyo kila daktari au mfamasia anayemhudumia mgonjwa huyu, hata kwa ugonjwa mdogo, sharti aambiwe.

Kwa nini dawa mpya za saratani huweza kusababisha kinga kushambulia mwili?

Kwa sababu breki zinazoachiwa si za saratani peke yake. Ipilimumabu, inayozuia CTLA-4 na iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa saratani ya ngozi iitwayo melanoma, huweza kuleta mwasho mkali wa utumbo mpana au wa tezi ya pituitari. Dawa za kuzuia PD-1 huathiri zaidi tezi ya thairoidi na mapafu, na mara chache huleta kisukari cha ghafla. Mgonjwa anayezitumia asisubiri kuharisha kupite kwenyewe. Atoe taarifa siku hiyohiyo.

Je, magonjwa haya ni ya kurithi?

Yale yanayosababishwa na jeni moja, kama IPEX, ni adimu. Kwa walio wengi kinachorithiwa ni mabadiliko madogo katika jeni nyingi, na idadi kubwa ya jeni hizo ni za ishara za seli T au za HLA. Mfano mashuhuri ni PTPN22, jeni ya kimeng'enya kinachobandua fosfati kwenye Lck na ZAP-70: toleo lake moja, lililohusishwa na kisukari aina ya kwanza mwaka 2004, huongeza pia hatari ya baridi yabisi. Toleo hilo huonekana kwa watu wenye asili ya Ulaya na ni adimu sana kwa Waafrika. Wagonjwa wetu wa lupasi na kisukari aina ya kwanza hawawezi kuelezwa kwa orodha za jeni zilizotengenezwa kwa damu ya watu wengine, na naliona hili kuwa pengo ambalo watafiti wa ukanda wetu wana haki na wajibu wa kuliziba.

Je, ipo dawa inayorudisha ustahimilivu?

Zipo zinazokaribia. Abatasepti ni CTLA-4 iliyounganishwa na kipande cha kingamwili. Huziba CD80 na CD86, na hutumika kwa baridi yabisi. Intalukini-2 kwa dozi ndogo inajaribiwa kwa lupasi na magonjwa mengine, kwa hoja kwamba seli dhibiti zitaipata kabla ya wengine. Wapo pia wanaozitengeneza seli dhibiti maabara, wakizipachika kipokezi kinachozielekeza kwenye kiungo kimoja.

Iliyofika mbali zaidi kwa kisukari aina ya kwanza ni teplizumabu, kingamwili inayoshika CD3 na kutoa ishara hafifu inayozielekeza seli T za CD8 kwenye hali inayofanana na uchovu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2019, ndugu wa wagonjwa waliokuwa na dalili za awali kwenye damu walipewa dawa hiyo kwa siku 14. Muda wa kati hadi ugonjwa kujitokeza ulikuwa takriban miezi 48, dhidi ya miezi 24 kwa wasioipata. Marekani iliiidhinisha Novemba 2022. Miaka miwili ya utoto bila sindano za insulini si kitu kidogo kwa mzazi anayeamka usiku kumpima mwanawe sukari.

Nina lupasi. Je, nitumie dawa za "kuongeza kinga" zinazouzwa mitaani?

Usizitumie. Kama ulivyoona, hakuna kitu kimoja kiitwacho kinga cha kuongezwa kama maji kwenye mtungi. Kinachokuumiza ni ishara zilizosomwa vibaya, na kuzichochea zaidi kunaweza kuamsha ugonjwa uliotulia. Kwa aliyepandikizwa figo hatari ni mbili, kwani mitishamba kadhaa hubadilisha pia kiwango cha dawa kwenye damu.

Je, itafika siku mgonjwa aliyepandikizwa figo aache dawa zote?

Kwa wachache imekwisha kufika, ila ndani ya majaribio yenye uangalizi mkali. Anayeacha dawa nyumbani kwa uamuzi wake kwa kawaida hupoteza figo. Mwaka 2008 madaktari wa Massachusetts General Hospital huko Boston walitoa taarifa ya wagonjwa 5 waliopandikizwa figo pamoja na uboho wa mtoaji yuleyule, ambaye HLA yake haikulingana na yao. Wanne kati yao waliacha dawa zote na figo zikaendelea kufanya kazi, ingawa seli za mtoaji zilikuwa zimetoweka kwenye damu yao baada ya muda mfupi.

Njia waliyoifuata ina asili ya zizini. Mwaka 1945 Ray Owen wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliona kwamba ndama mapacha wasiofanana, waliochangia mzunguko wa damu tumboni mwa mama, hubeba seli za damu za kila mmoja wao maisha yao yote bila kuzikataa. Peter Medawar na wenzake waliliiga jambo hilo kwa panya mwaka 1953, kwa kuwadunga watoto wa panya seli za panya wa ukoo mwingine wakiwa bado tumboni. Walipokua, walipokea ngozi ya ukoo ule na kubaki nayo.